Fungu la Askari na Fungu la Mpagazi

Neno la kusomwa: 1 Samweli 30, mstari wa 1 mpaka wa 25.



Kila mwaka, ifikapo tarehe 25 Julai, nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa penye mnara, mashada ya maua huwekwa, tarumbeta hulia, na watu husimama kimya. Hapa kwetu Rujewa walimu wa shule hutujia sisi wachungaji na wainjilisti wakiuliza: Tuwafundishe nini watoto katika siku ile? Swali hili ni jema, wala si dogo. Kwa maana mtoto asiyefundishwa kushukuru hudhani ya kuwa amani aliyozaliwa ndani yake haikumgharimu mtu kitu. Na mtoto afundishwaye kuisifu bunduki tu hukua akiitamani vita. Yatupasa kupita katikati ya hatari hizo mbili kwa hadhari. Basi tumeona vema mwezi huu tulitazame jambo hili kwa nuru ya Neno la Mungu, ili kila mwalimu awe na kitu mkononi atakapoingia darasani.

Habari tuliyoichagua ni ya Daudi kabla hajawa mfalme. Yeye na watu wake 600 walirudi Siklagi, wakaukuta mji umeteketezwa na Waamaleki, wake zao na watoto wao wametekwa. Walilia hata wakaishiwa na nguvu. Kisha wakaondoka kuwafuatia adui. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka mno, hawakuweza kuvuka. Wakabaki pale pamoja na vyombo, na wale 400 wakaendelea mbele. Bwana akawapa ushindi. Wake na watoto wakaokolewa wote, na nyara nyingi zikapatikana.

Lakini angalieni yaliyotokea waliporudi kijitoni. Watu wabaya miongoni mwa wale 400 wakanena ya kwamba waliobaki wasipewe kitu, ila kila mtu apewe mkewe na watoto wake tu, aende zake. Daudi akakataa. Akaamua ya kwamba fungu la yeye ashukaye vitani na fungu la yeye akaaye penye mizigo yawe sawasawa. Na amri hiyo, Maandiko yasema, ikawa sheria katika Israeli tangu siku ile. Katika neno hili twaona mambo matatu: mtu aliyeachwa njiani, sababu ya heshima, na namna ya kuitoa.

Jambo la kwanza: mtu aliyeachwa njiani.

Katikati ya habari hii yumo mtu ambaye wasomaji wengi humpita upesi. Ni kijana Mmisri, mtumwa wa Mwamaleki mmoja. Alikuwa ameugua, na bwana wake akamwacha uwandani afe. Siku tatu hakuonja chakula wala maji. Vita haikuwa yake. Alichukuliwa tu, akatumiwa, na alipopungukiwa na nguvu akatupwa. Watu wa Daudi walimwokota, wakampa maji, na mkate, na tini, na zabibu, hata roho yake ikamrudia.

Ndugu, sisi wa nchi hizi za juu za kusini tunao watu wa namna hiyo katika ukoo wetu. Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 ilipita katika njia zetu. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya jenerali Northey liliingia kutoka Nyasa na Rodesia ya Kaskazini. Likaushika Rungwe mwezi Mei, likapigana na Wadachi huko Malangali mwezi Julai, na mwishoni mwa Agosti likaingia Iringa. Mwaka 1918, miezi ya Septemba na Oktoba, jenerali wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, alitoka Ureno ya Mashariki, yaani Msumbiji, akapita Ungoni na Ubena. Akaenda kuweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Hayo yameandikwa vitabuni pamoja na majina ya majenerali.

Lakini ni nani aliyewachukulia chakula chao, na risasi zao, na vitanda vyao? Nchi haikuwa na magari ya kutosha wala barabara, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Basi mzigo wote ulikaa juu ya kichwa cha mtu. Kwa upande wa Waingereza peke yao, watu wakadiriwao kuwa karibu milioni 1 walifanya kazi ya upagazi katika vita ile. Waliokufa wakadiriwa kuwa karibu 100,000. Na wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa, kwa baridi ya milimani na kwa njaa. Wadachi nao walichukua watu vijijini kwa maelfu, na wengi wao hawakuandikwa popote. Wengi hawakwenda kwa hiari. Walikamatwa shambani, wakafungwa kamba, wakapewa mzigo. Aliyeanguka njiani aliachwa kama yule Mmisri. Na nyumbani walibaki akina mama wenye majembe, na nafaka yao ikachukuliwa kulisha majeshi. Jirani zetu wa Ugogo wangali wakiikumbuka njaa kuu iliyofuata, ambayo waliiita Mtunya.

Vijana wetu hupeleka mchele wa Usangu Dar es Salaam, wakarudi na nguo na vyombo kutoka Kariakoo. Ni wangapi kati yao wajuao maana ya jina lile? Kariakoo ni neno la Kiingereza, Carrier Corps, lililotamkwa kwa ulimi wetu, maana yake Kikosi cha Wapagazi. Pale palikuwa na kambi yao. Kila siku maelfu ya watu hulitaja jina la wale waliokufa, nao hawajui ya kuwa wanawataja.

Dar es Salaam iko sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yaliyo chini yake yawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Nairobi, mnara wa namna hiyo una sanamu tatu, na mmoja wa watatu ni mpagazi. Mjini Iringa yako makaburi ya vita ile yenye mawe na majina. Lakini wapagazi walio wengi hawana jiwe wala jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri jambo hilo. Ilisema ya kwamba watu wasiopungua 116,000, walio wengi wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa; ikaomba radhi. Miaka zaidi ya 100 ilipita kabla neno hilo halijanenwa. Daudi alilinena siku ile ile, kijitoni.

Jambo la pili: sababu ya heshima.

Wako watu wasemao: Tuwaheshimuje watu hawa? Maneno yao ni matatu, na kila mwalimu atayasikia.

Wengine wasema: Walipigania wageni. Ni kweli. Katika Vita Kuu ndugu wa nchi moja walisimama pande mbili, huyu kwa Wadachi, huyu kwa Waingereza. Katika vita ya pili makumi ya maelfu ya watu wa Tanganyika waliingia jeshini. Walipigana na Waitalia huko Uhabeshi mwaka 1940 na 1941, wakafika Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapigana na Wajapani katika misitu ya Burma, katika bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa katika Bahari ya Hindi. Watu 1,297 wakafa, na wengi wao walikuwa askari wa Afrika ya Mashariki. Kaburi lao ni maji. Hata kabla ya hapo, katika nchi hii hii, watu wa Merere hapa Usangu walipigana na Wahehe miaka mingi, wakawa upande wa Wadachi juu ya Mkwawa. Na leo watoto wa Kisangu na wa Kihehe hukaa katika dawati moja, huipokea Meza ya Bwana katika kanisa moja. Kama tutawaheshimu wa upande mmoja tu, ni nani atakayebaki darasani bila kuinamisha kichwa? Sisi hatuiheshimu bendera ya Kaisari wala ya Mfalme. Twamheshimu mtu aliyeteseka, aliye wa damu yetu.

Wengine wasema: Walitenda maovu. Hilo nalo ni kweli kwa baadhi yao. Katika vita ya Maji Maji ya 1905 mpaka 1907 mashamba na maghala yalichomwa moto, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Waliotia moto walikuwamo askari weusi kama sisi. Mwalimu asiyafiche mambo haya. Maandiko hayakuificha dhambi ya Daudi juu ya Uria, aliyekuwa askari wake mwaminifu. Kumheshimu mtu si kumpaka chokaa. Mtoto akiambiwa uongo kuhusu mashujaa, siku atakapoijua kweli atawadharau mashujaa na mwalimu pamoja.

Wengine wasema: Amri ya tano yakataza kuua, Kanisa lawezaje kumsifu askari? Jibu la Kanisa letu ni la zamani. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji, hakuwaambia watupe silaha. Aliwakataza dhuluma na masingizio, akawaagiza watosheke na mishahara yao (Luka 3:14). Kornelio alikuwa akida, na Roho Mtakatifu alishuka nyumbani mwake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 16, lafundisha ya kwamba Mkristo aweza kutumika katika vita ya haki. Luther naye, mwaka 1526, aliandika kitabu kizima juu ya swali kama askari aweza kuokoka. Akajibu ya kuwa aweza, lakini akaonya ya kwamba aanzaye vita pasipo haki yuko chini ya hukumu ya Mungu. Basi hatumsifu askari kwa sababu aliua. Twamheshimu kwa sababu alijiweka kati ya mauti na wengine.

Mfano wake sisi wenyewe twaujua. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi yetu huko Kagera, yakaua, yakateka watu na ng'ombe. Vijana wa jeshi letu na wa mgambo waliondoka katika kila mkoa, na huu wetu pia, wakaenda mwendo wa siku nyingi kuilinda nchi ambayo wengi wao hawajaiona kabla. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukatwaliwa. Wengi hawakurudi, wako waliolala Kaboya, katika wilaya ya Muleba. Waliorudi wakiwa na miaka 20 sasa ni wazee wenye mvi. Wengine hutembea kwa fimbo kanisani mwetu. Tena mwezi Desemba 2017 walinzi wa amani zaidi ya kumi wa Tanzania waliuawa kwa siku moja huko Kongo, wakiwalinda watu wasio wa kabila lao wala wa nchi yao.

Lakini sababu iliyo kuu kuliko hizo zote Daudi mwenyewe aliitaja. Wale wabaya walihesabu hivi: Sisi tumepigana, basi nyara ni zetu. Daudi alihesabu vingine: vitu hivi ni zawadi ya Bwana, naye ndiye aliyetulinda. Ikiwa ushindi ni mshahara, mwenye nguvu na achukue yote. Ikiwa ushindi ni zawadi, hakuna awezaye kumnyima mwenziwe. Hii, ndugu, ndiyo Injili yenyewe katika mavazi ya kale. Sisi sote tulichoka kijitoni, hatukuweza kuvuka. Yuko Mmoja aliyevuka kwa ajili yetu, akamshinda adui, akarudi, naye hakutunyima fungu. Basi aliyepokea fungu asilolifanyia kazi atawezaje kumnyima heshima aliyechukua mzigo?

Jambo la tatu: namna ya kuitoa heshima hiyo.

Walimu wapendwa, heshima haifundishwi kwa wimbo wa siku moja. Twawashauri mambo haya matano.

Kwanza, wafundisheni watoto kuuliza vema. Mtoto akikaa mbele ya mzee aliyetoka vitani, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: Babu, uliua watu wangapi? Mwonyesheni kwa upole ya kuwa swali hilo laweza kufungua jeraha ambalo mzee amelifunga miaka mingi. Afundishwe kuuliza hivi: Babu, mlikula nini? Ni nani aliyekuwa rafiki yako? Ni nani hakurudi? Ulipofika nyumbani ulimkuta nani? Na mzee akinyamaza, watoto nao wanyamaze. Kuketi kimya pamoja na mtu ni heshima pia.

Pili, andikeni majina. Wapagazi wa Vita Kuu wote wamekwisha kufa, na wa Burma karibu wote. Wa Kagera wangaliko, lakini kila mwaka twawazika. Kila usharika uwe na daftari moja. Wanafunzi wa Kipaimara waandike humo jina la mzee, kijiji chake, mwaka aliokwenda, na majina ya wenzake anaowakumbuka. Tena waulize katika kila nyumba: Je, yuko babu wa babu aliyechukuliwa upagazi asirudi? Jina likipatikana liandikwe, hata kama ni jina tu. Siku ya kuwakumbuka waliolala lisomwe mbele ya madhabahu. Taifa limeweza kuwasahau. Mchungaji Mwema awajua kondoo wake kwa majina.

Tatu, msiwasahau waliokaa penye vyombo. Siku ya mashujaa wakumbukeni pia mjane aliyelea watoto peke yake, na mama aliyelima mpunga wakati mumewe yuko Kagera, na mpishi, na dereva, na muuguzi. Darasa likisoma sheria ya Daudi, kila mtoto aulizwe: Nyumbani kwenu ni nani aliyekaa kijitoni?

Nne, heshima na iwe na mikono. Katekisimo Ndogo, katika maelezo ya amri ya nne, haiishii katika kuheshimu kwa kinywa. Yataka pia tuwatumikie na kuwapenda walio juu yetu. Mwezi wa Julai mpunga wa Usangu umekwisha kuvunwa. Je, ni vigumu kwa darasa moja kukusanya debe moja la mchele na kulipeleka kwa askari mzee asiye na mtoto? Ni vigumu kwa vijana kumi kumwezekea nyumba kabla ya mvua, au kumchotea maji? Na mwalimu ajuaye kuandika amsaidie mzee mwenye madai yake ya haki kuandika barua iliyo nzuri, amsindikize mpaka ofisini. Kumpigia makofi mtu mwenye njaa, kisha kumwacha aende zake, ni mfano wa lile ambalo Yakobo alilikemea katika waraka wake.

Tano, maliza kila somo kwa sala ya amani. Mzee aliyeiona vita kwa macho yake ni nadra kuisifu. Mwombeni awaambie watoto hilo kwa kinywa chake mwenyewe, kwa maana wakilisikia kwa askari wataliamini kuliko wakilisikia kwa mchungaji. Wasimame mbele ya mwenye mvi, kama torati inavyoagiza (Walawi 19:32). Kisha wamwombe Mungu ya kwamba wao wenyewe wasiitwe kamwe kwenda alikokwenda yeye.

Ndugu, sheria ya Daudi ilianza kwa mabishano ya watu waliochoka, kando ya kijito ambacho hata wajuao ramani hubishana mahali pake. Lakini ilidumu, kwa kuwa mtu mmoja alikataa kusikia maneno ya wabaya. Katika vijiji vyetu maneno yale yangali yanasemwa: Yule mzee mlevi ni askari gani? Mpagazi alifanya nini? Mwalimu asiyapite maneno hayo kwa kunyamaza. Ayajibu pale pale, mbele ya watoto, kama Daudi alivyojibu, ili fungu la mwenye bunduki na fungu la mwenye mzigo yawe sawasawa katika nyumba ya Mungu.

Bwana aliye Mfalme wa amani awape hekima walimu wetu, awape faraja wazee wetu, na awalinde watoto wetu. Amina.